Mkwaruzo Kwenye Jani la Zambarau

Rangi ya kumi na saba ndiyo iliyokubali.

Kumi na sita za kwanza ziliwachosha watu wawili hadi wakaanza kuzitukana. Ya majani ya chai ilitia doa kila kitu isipokuwa kile ilichotakiwa kutia. Ya bizari ilipendeza kwa dakika tano, kisha ikashuka chini ya chupa ikalala kama mtu aliyeshiba. Ya maganda ya kitunguu iliota ukungu mweupe, na mwalimu, badala ya kununa, aliuchukua ule ukungu akauweka chini ya hadubini. "Haya," alisema, "angalau tumepata somo la kuvu." Lakini ya kumi na saba ilitokana na maua mekundu yaliyokaushwa, yakachemshwa kwa maji kidogo na kutiwa matone matatu ya siki. Ilipodondoshwa juu ya ngozi nyembamba ya kitunguu, kuta za seli zilijitokeza moja baada ya nyingine, safu kwa safu, kama ukuta wa matofali uliopigiwa mistari kwa wino mwekundu.

Mtunza maabara alitazama mpaka jicho likatoa machozi.

Wanafunzi walimwita Babu Chupa, ingawa hakuwa babu wa mtu yeyote. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza akiosha chupa, vikombe vya kioo na mirija katika chumba kilekile chenye sinki mbili, moja ikiwa imeziba tangu enzi za mkuu wa shule aliyepita. Alikuwa ameona walimu wa biolojia wakija na kuondoka. Walikuja na vitabu, wakabandika ukutani picha ya seli, wakaielekezea fimbo, wakahamishwa. Kabati la rangi za maabara lilikuwa tupu mwaka wa sita huo. Kila barua ya kuomba dawa ilijibiwa kwa barua ya kuomba subira.

Huyu alikuwa wa namna nyingine. Juma lake la kwanza hakuuliza ufunguo wa kabati. Aliuliza ni nani anayefyeka uwanja.

"Wa nini huyo?" Babu Chupa alishangaa.

"Nataka anionyeshe anachokitupa."

Ndipo ilipoanzia. Kilichokuwa kikitupwa nyuma ya vyoo kilihamia kwenye meza ndefu ya dirishani, katika makopo ya rangi yaliyotobolewa matako. Palikuwa na mmea mmoja wa majani ya zambarau ambao kila mtu aliupita bila kuujali. Mwalimu alibandua ngozi ya chini ya jani lake kwa wembe, nyembamba kuliko karatasi ya sigara, akaitazama kwa hadubini. Seli zilijaa zambarau pomoni. Akadondosha tone la maji ya chumvi. Ile zambarau ikaanza kujikunyata, ikajitenga na kuta, ikajikusanya katikati kama mtu anayejifunika shuka. Akaivuta chumvi kwa kitambaa, akaweka maji matupu, nayo ikajinyoosha tena mpaka ikagusa kuta zake.

"Miaka ishirini na miwili," Babu Chupa alisema taratibu. "Neno osmosisi nimelifuta ubaoni kila mwaka. Leo ndiyo nimeliona."

Miezi minane baadaye walikuwa na sanduku. Lilikuwa la mbao, na mpini wake ulikuwa wa kamba. Ndani mlikuwa na chipukizi la mmea wa zambarau kwenye kopo, vitunguu viwili, viazi viwili, mfuko wa maua makavu, chupa ya siki, kijaluba cha chumvi, mbegu za maharage za kuoteshwa kwenye pamba, wembe, na majani yaliyokaushwa yakafunikwa kwa utepe mwangavu ili mishipa yake ihesabike. Shule yoyote yenye bomba na kichaka ingeweza kulijaza upya.

Babu Chupa alitaka lipelekwe kwa wakubwa siku hiyohiyo. Mwalimu alitikisa kichwa.

"Mzee wangu, sisi tunalipenda kwa sababu ni mtoto wetu. Mtoto wa mwenzio humpimi kwa mapenzi ya mama yake. Lazima tulijaribu."

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Kidato cha pili kilikuwa na mikondo miwili, A na B, na mtihani wa kuanzia ulionyesha wako sawa: wote kama kumi na saba kati ya hamsini. Kwa wiki sita A wangefundishwa kwa sanduku. B wangefundishwa mambo yaleyale, na mwalimu yuleyule, kwa saa zilezile, lakini kwa kitabu na picha za ukutani kama zamani. Kisha mtihani mmoja kwa wote. Siku tatu baada ya mtihani ingekuja kamati ya vifaa vya kufundishia. Ikiona sanduku limefanya kazi, litaingia katika shule zote za wilaya. Ikiona halikufanya, meza ya dirishani itarudishiwa viti vibovu vilivyokuwa vikipangwa juu yake, na wanafunzi watarudi kwenye fimbo na picha.

"Sharti ni moja," mwalimu alisema akimtazama usoni. "B wasiguse jani mpaka mtihani upite. Baada ya hapo tutawapa kila kitu, wala hawatadhulumiwa. Lakini kabla ya hapo, hata harufu wasiipate."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Na kweli alielewa. Shida ni kwamba katika B alikuwamo mpwa wake.

Alikuwa mtoto wa dada yake mdogo, msichana wa miaka kumi na mitano, na nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu neno likimwingia sikioni halikumbuki kulala. Wiki ya pili, saa ya mapumziko, alisimama mlangoni pa maabara akiwa amekunja mikono.

"Mjomba, shikamoo. Nina swali moja tu."

"Marahaba. Swali lako moja huwa lina watoto saba."

"Sisi B ni watoto wa kambo?"

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. A wanatoka humu vidole vyekundu, wanacheka, wanasema wameona jani linapumua. Sisi tumeona picha. Ile picha, mjomba, hata mende wameichoka. Wameila kona."

"Zamu yenu itafika."

"Itafika baada ya mtihani. Mtu unampa mwavuli akishalowa?"

Babu Chupa alikuwa mtu mzima, mwenye ahadi mdomoni. Lakini alikuwa na donda lake la siri. Alipokuwa kidato kama hicho, mwalimu alimwambia hadubini si ya kuguswa na kila mtu, akaishia kuziosha zana ambazo hakuwahi kufundishwa kuzitumia. Alimtazama yule mtoto, akatazama nje, korido ilikuwa tupu. Akabandua kipande cha ngozi ya zambarau. Dakika tatu, hazikuzidi. Kasuku alipoona zambarau inajikunyata alinyamaza, jambo ambalo mjomba wake hakuwahi kulishuhudia tangu azaliwe. Akachora alichokiona kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari.

"Usimwambie mtu," mjomba alimsihi.

"Mimi tena?"

Kumwambia Kasuku asiseme ni kuiambia mvua isilowanishe.

Wiki nne zikapita. Babu Chupa alijipa moyo. Dakika tatu, mtoto mmoja, jani moja. Tone la maji baharini litageuza nini?

Mtihani ukafanywa. Alasiri iliyofuata mwalimu alikaa kwenye meza ya dirishani na kalamu nyekundu, Babu Chupa akiosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. A walimalizwa kusahihishwa kwanza: wastani wa thelathini na tano. Mwalimu alitabasamu. Akaanza B. Tabasamu likapungua, likapungua tena, likaisha.

"Thelathini na tatu," alisema hatimaye.

"B?"

"B. Tofauti ya alama mbili. Mzee wangu, sanduku letu halijafanya lolote. Picha iliyoliwa na mende imefundisha karibu sawa na sisi."

Akaweka kalamu chini. Babu Chupa hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ukungu ulipokula chupa nne. Hakulia wala hakulaumu. Alizivuta tu karatasi za B akazipanga mezani mojamoja, zote arobaini, kama mtu anayepanga karata, akaanza kuzitazama upya, michoro peke yake. Babu Chupa akasogea. Ndipo alipouona.

Kila mchoro wa seli ulikuwa na mstari. Mstari mmoja mwembamba, wa mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi chini kulia. Wengine waliuchora kwa rula. Ishirini na tisa walikuwa wameuwekea mshale na kuupa jina, kwa mwandiko nadhifu: *mfereji wa maji*.

"Kitabuni hakuna mstari huu," mwalimu alisema.

"Hakuna."

"Ukutani hakuna."

"Hakuna, Mwalimu."

Alinyanyuka akaifuata hadubini, ile moja pekee iliyokuwa nzima, akaweka jicho. Babu Chupa hakuhitaji kutazama. Ule mkwaruzo kwenye kioo cha juu aliutia yeye mwenyewe mwaka wake wa pili kazini, alipokifuta kwa kitambaa cha kusugulia sakafu. Kila mwanafunzi wa A alikuwa ameufahamu siku ya kwanza, kwa sababu mwalimu aliwazungushia kioo mbele ya macho yao na kuwaambia: kinachozunguka na kioo ni cha kioo, kinachobaki palepale ni cha jani. Lakini mtu aliyeonyeshwa kwa dakika tatu za wizi, bila mwalimu, angeuchora kama ulivyo. Na mchoraji hodari zaidi ndiye angepotosha wengi zaidi.

"Kuna mtu wa B aliyetazama humu," mwalimu alisema, jicho lake bado liko kwenye kioo.

Kulikuwa na mlango wa kutorokea. Angeweza kusema kufuli ni bovu, na kweli lilikuwa bovu. Angeweza kusema watoto hujipenyeza, na kweli hujipenyeza. Uongo ulikuwa umekaa tayari ulimini, umevaa nguo za ukweli. Lakini mwalimu alikuwa ametumia miezi minane kumfundisha kutofautisha cha kioo na cha jani.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwonyesha mpwa wangu. Nilimhurumia. Nimekuharibia kazi yako."

Mwalimu aligeuka. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alivuta daftari la maabara, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Siku gani?"

"Jumatano ya wiki ya pili. Mapumziko."

"Dakika ngapi?"

"Tatu."

"Ulimwonyesha chumvi tu, au na kurudisha maji?"

"Vyote viwili."

Aliandika yote. Kisha akamtuma akamwite Kasuku, naye akaja akijikanyaga. Ilichukua robo saa kumtoa maneno, na hiyo ilikuwa ajabu ya pili. Alikuwa ameuchora ule mchoro ubaoni siku ileile B walipokosa mwalimu wa hesabu. Hawakuridhika. Wakaleta viazi kutoka nyumbani, wakavikata vipande, wakaviweka kwenye vifuniko vya chupa chini ya madawati, nusu kwa chumvi, nusu kwa maji matupu, na kesho yake wakavibonyeza kwa vidole kuona kipi kimelegea. Kwa wiki nne mkondo mzima wa B ulikuwa na maabara chini ya madawati, na hakuna mtu mzima aliyenusa.

"Na ule mfereji wa maji?" mwalimu aliuliza.

"Niliuona kwa macho yangu, Mwalimu. Nikafikiri maji yanapita hapo."

Mwalimu alijifunika uso kwa viganja viwili. Mabega yakatikisika. Babu Chupa alidhani analia, mpaka alipoisikia sauti. Alikuwa anacheka.

Mkuu wa shule hakucheka. Kamati ilikuwa inakuja keshokutwa, na alikwisha agiza viti vya wageni. "Mambo madogo haya," alisema, akifunga mlango wa ofisi yake. "Chukua alama za B za mwaka jana, ziweke hapo. Wale hawakuona jani wala mjomba. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Mkuu."

"Wewe utajua, na sanduku litapita. Mbona rahisi?"

"Nawaambia watoto wachore wanachokiona," mwalimu alisema. "Halafu mimi nichore nisichokiona?"

Babu Chupa alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kofia. Alijua watu waliosimama imara kwa sababu hawakuwa na cha kupoteza. Huyu alikuwa anapoteza miezi minane, na kosa halikuwa lake.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, lakini aliyekuwa na neno ni mmoja: mkaguzi mkongwe wa kike, aliyetunga mitihani ya biolojia miaka thelathini, na aliyetembea na kioo chake cha kukuzia shingoni kama wengine wanavyotembea na mkufu. Mwalimu alisimama mbele yao akasema bila kuzungusha: jaribio limeharibika, limeharibika hivi, siku hii, dakika hizi. Akaziweka karatasi za B mezani.

Mkaguzi alisoma nyingi. Aliinua moja.

"Mfereji wa maji," alisoma. "Nani mtunza maabara?"

Babu Chupa akajitokeza.

"Umenitengenezea kiungo kipya cha seli, baba. Miaka thelathini sijawahi kukutana nacho."

"Nisamehe, mama."

"Sijasema umenikosea mimi." Aligeukia wenzake. "Siwezi kutia sahihi kwenye mtihani uliovuja, na mwalimu huyu anajua siwezi, ndiyo maana amesema mwenyewe kabla sijauliza. Mtaanza upya muhula ujao, shule nyingine, ng'ambo ya mji. Na yawepo mambo mawili. Sanduku lisiende bila kijitabu cha mwongozo, maana jani bila mwalimu limezaa mfereji. Ukurasa wa kwanza uwe wa mkwaruzo. Pili, sanduku litabebwa na huyu."

"Na mimi?" Babu Chupa hakuamini.

"Aliyetoboa ukuta ndiye anayejua tundu liko wapi. Una mpwa shule ile?"

"Sina."

"Binamu? Shangazi? Mtoto wa jirani?"

"Sina mtu, mama."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Vizuri. Basi usiongeze mke wa huko kabla muhula haujaisha."

Hata mkuu wa shule alicheka.

Muhula huo ulikuwa mgumu kuliko miaka yote ishirini na miwili. Mwalimu alipewa ruhusa ya kufundisha huko siku mbili kwa wiki, na kila mara Babu Chupa alitangulia na sanduku mkono wa kulia na hadubini kifuani, akapita mbele ya madirisha ya mkondo wa kulinganisha, ule uliofundishwa kwa picha. Walimjua haraka. Wiki ya tatu walikuwa na wimbo, walioutunga wenyewe, na walimsubiri nao dirishani:

*Babu Chupa tupe jani, picha hazina uhai,*
*wenzetu wanalo ndani, kwani sisi hatufai?*

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe la miaka mingi. Akatembea bila kugeuza shingo. Kijana mmoja wa dirishani alimwuliza, "Babu, huko kunyamaza unalipwa?" Aliingia maabara, akafunga mlango, akajaribu kufuli mara mbili, akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Kila jioni mwalimu alimwuliza neno moja tu, "Vipi?", naye alijibu neno moja, "Salama." Katika daftari la maabara mwalimu aliandika: *hakuna jani lililotoka*. Babu Chupa aliusoma mstari ule kila mara ulipoandikwa, na kila mara ulimnyoosha mgongo.

Wiki ya sita wakafanya mtihani. Mwalimu alisahihisha karatasi zote mbele ya mkaguzi, na safari hii Babu Chupa hakuosha kitu, alikaa akajishika magoti. Mkondo wa sanduku: thelathini na sita. Mkondo wa picha: ishirini na nne. Hakuna mchoro hata mmoja uliokuwa na mfereji. Mkaguzi alichukua kalamu, akapekua kijitabu cha mwongozo mpaka ukurasa wa kwanza, palipochapwa mchoro wa Kasuku kama ulivyo, na chini yake: *kinachozunguka na kioo ni cha kioo.* Akatia sahihi pembeni.

Mwalimu alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Halafu, badala ya kukaa, alilinyanyua sanduku akamkabidhi Babu Chupa.

"Wanakusubiri."

"Akina nani?"

"Waimbaji wako. Tuliwaahidi."

"Mwalimu, mimi si mwalimu."

"Dakika tatu zako zilifundisha mkondo mzima. Nenda ukaone utafanya nini ukipewa arobaini."

Mkondo wa kulinganisha ulimwona akiingia ukaanza wimbo, kisha ukaona sanduku liko mkononi, wimbo ukakatika katikati. Alilitua. Alifungua kamba. Harufu ya siki, udongo mbichi na vitunguu ikajaa chumba. Yule kijana wa dirishani alikuwa wa kwanza kufika kwenye hadubini, ameshainama, jicho moja limefumbwa.

"Ngoja," Babu Chupa alisema. "Jani bado sijaliweka. Unaona nini humo?"

"Mstari, Babu."

"Haya. Usitoe jicho." Akakishika kioo cha juu kwa vidole viwili, akakizungusha polepole. "Sasa niambie umekwenda wapi."